Walikulilia Ukiwa Hai

Kabula, mpwa wangu,

Anayekuandikia ni mtu mzito. Kuanzia Bugarama mpaka Geita mjini hakuna duara, shimo la dhahabu, linaloanza kuchimbwa kabla sijaitwa kunusa udongo. Wataalamu wanakuja na mashine zao, wanapima, wanaandika, halafu wanaulizana, "Masanja yuko wapi?" Nainama, nashika udongo kiganjani, nawaambia dhahabu iko futi ngapi. Shule niliacha darasa la nne kwa hiari yangu, mwalimu alikuwa ameishiwa cha kunifundisha. Haya wewe unayajua. Nayaandika ili mwingine akisoma ajue ni nani anasema.

Wewe ulikuwa unanisikiliza mpaka mwisho, ndipo unauliza, "Mjomba, sasa mbona huna viatu?"

Shavu lako lilianza kuvimba wakati wa palizi ya pamba. Mimi ndiye niliyesema ni jino. Nilisema kwa sauti, kama ninavyosema mambo yote, na watu wakaridhika. Uvimbe ulipokaribia jicho tukakupeleka Shinyanga. Daktari akakushika kidevu, akakugeuzia uso dirishani, akaandika karatasi ya kwenda Mwanza. Mama yako alikuwa na mdogo wako wa wiki tatu. Baba yako alishahamia machimbo ya mbali, simu yake haipatikani. Nikasema nitakwenda mimi, mtu mwenyewe.

Wodi ya watoto kule Mwanza ilikuwa ya akina mama peke yao. Nesi alipouliza, "Mama Kabula ni nani?" nikanyoosha mkono. Walicheka mpaka mtoto wa kitanda cha dirishani akaacha kulia. Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine. "Mama Kabula, zamu yako kufua." "Mama Kabula, uji unapoa, mpe mwanao, acha kutuhutubia." Mwenye ulimi zaidi alikuwa Mama Neema, mwanamke wa Geita, kitanda cha pili kutoka chako. Lakini ndiye aliyenifundisha kukukanda miguu, na kukusukutua kwa maji ya chumvi vidonda vilipojaa mdomoni, na kukushikia beseni.

"Usigeuze uso anapotapika," aliniambia. "Ukigeuza, mtoto anadhani ananuka."

Ile dripu nyekundu ya saratani uliiogopa. Ikiletwa, nakupa hadithi ya mwamba: jinsi ulivyoporomoka ndani ya duara, nikaubeba kwa mgongo siku tatu mpaka wenzangu wote wakatoka. Mara ya kwanza ulifikiri sana, ukaniuliza, "Ukitaka kukojoa ulifanyaje?" Nikasema nilibana. Sindano iliingia ukiwa unacheka.

Baada ya dripu ya pili nywele zikaanza kubaki kwenye kanga uliyolalia. Ukaziokota moja moja, ukanikabidhi, unataka nizirudishe. Nikamwomba Mama Neema wembe, nikaenda nje bombani, nikanyoa kichwa changu chote. Ukanipapasa.

"Una kovu."

"La mwamba hilo."

"Mama alisema ulianguka na baiskeli."

Shavu lilikuwa limeshuka. Daktari akasema dawa inaitikia vizuri, dripu ya tatu itakuwa Jumatatu ya wiki inayofuata, na tarehe isirukwe kwa sababu yoyote. "Ugonjwa huu ukipewa nafasi, mzee, unarudi na ndugu zake." Nikakuacha kwa Mama Neema, nikaenda kwenu Mhunze kukuchukulia nguo na kumpa mama yako habari njema kwa mdomo wangu.

Nikashuka Mhunze mchana, kichwa kinang'aa. Kabula, kwetu mtu hanyoi hivyo kwa mapambo. Ukoo unanyoa ukishazika. Mimi Msukuma mzima, nimewanyoa watu matangani tangu ujana wangu, nikasahau. Kule wodini vichwa vyote vilikuwa vipara, nikaona ndiyo kawaida ya dunia. Mwanamke wa kwanza aliyekutana nami alinitazama kichwani, akatazama nyuma yangu kama kuna mtoto anakuja, akatua ndoo, akapiga yowe. Yowe likafika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta mama yako amekaa chini uwanjani, mdogo wako ameshachukuliwa na jirani. Nikapaza sauti, "Kabula yuko hai."

Mzee mmoja akanishika bega. "Tunajua, baba. Roho haifi."

Nikaapa. Wakazidi kulia. Wanaume walikuwa wanashusha kuni za matanga. Nimesema mambo mengi sana katika uwanja ule, na siku niliyokuwa na ukweli hakuna aliyekuwa na mazoea ya kuniamini. Mwisho nikampigia simu Mama Neema, nikaongeza sauti ili wote wasikie, akakupa simu.

"Mama," ukasema, "nani amekufa?"

Watu wakacheka, wengine wanacheka huku wanafuta machozi, na wanaume wakabeba kuni zao wakarudi nazo. Bibi yako, mama wa baba yako, hakucheka. Alisema mtoto akishaliliwa, kifo kimesikia jina lake. Aletwe nyumbani aogeshwe kwanza, ndipo aendelee na sindano. Mama yako akasema, "Kaka, mlete nimwone." Nikarudi Mwanza kuomba ruhusa. Daktari alikubali kwa shingo upande, siku mbili tu, akaandika tarehe kwenye kadi na kuipigia mistari miwili. "Jumatatu, mzee." Nikamwambia mimi sijachelewa popote tangu nizaliwe.

Ulifurahi. Ulimshika mdogo wako vidole, ukavihesabu, ukatutangazia kwamba vimetimia. Bibi akakuogesha maji ya majani, akaita jina lako kuelekea jua linakotoka, ukaitika, "Bee, bibi," kwa adabu kama mtu aliyeitwa kula.

Siku mbili zikawa tisa. Jumatatu ilitupita tukiwa Mhunze.

Tuliporudi wodini shavu lilikuwa limejaa upya na jicho limeanza kusukumwa. Daktari hakunifokea. Alikaa kitandani kwako, akaitazama kadi muda mrefu kuliko maandishi yaliyokuwamo yalivyohitaji. Wakajaribu dawa nyingine, kali zaidi, na mwili wako haukuwa na mahali pa kuiweka. Wale akina mama wakaacha kunitania. Hapo ndipo nilipojua. Ulikufa asubuhi, uji ukigawiwa. Ulikuwa umeniomba hadithi ya mwamba, nikaianza, sikuwahi kufika pale unapochekea.

Tulipokuleta Mhunze watu walikuja, lakini wachache kuliko mara ile, na kilio kilikuwa kifupi. Siwalaumu, walikuwa wameshakulilia. Mama yako hakupiga yowe. Alikaa palepale uwanjani, akawa ananitazama mimi na mfuko wangu wa shati, kama anayesubiri nitoe simu.

Sasa niko Bugarama. Nywele zimeota, nyingi nyeupe. Wenzangu wakiniomba hadithi ya mwamba nawaambia koo linauma. Mdogo wako ameanza kutembea, anashika ukuta, anaachia, anakaa. Mama yako haongei na bibi yako. Anasema ni majani yake yaliyokuchelewesha, na bibi anainama tu, anaendelea kupepeta. Watu wa nje wanasema ni mvua, barabara ilikatika. Hilo la mvua nililieneza mimi. La majani sikulisema, ila nililiacha liendelee.

Pumzika, mpwa wangu. Lakini kwanza nisikilize, maana wewe ulikuwa unasikiliza mpaka mwisho.

Bibi yako alimaliza siku ileile ya kwanza. Alinifungia hata michembe ya viazi ya kula njiani, akasema, "Mrudishe mtoto hospitali." Mama yako alikuwa ndani ananyonyesha, hakusikia, akadhani dawa ya majani bado inaendelea. Mvua haikunyesha. Ni kwamba siku tunaondoka wodini niliwaahidi wale akina mama nitawarudia na gunia la mchele kutoka mashamba yangu, kila mmoja ajaze beseni. Sina shamba la mpunga. Siku zote zile nilikuwa nazunguka kwa marafiki kuomba mchele, naambiwa kesho, naambiwa keshokutwa, kwa sababu niliona aibu kuingia pale mikono mitupu mbele ya Mama Neema.

Tulirudi bila mchele, Kabula. Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Ni mimi, kaka wa mama yako,
Mjomba Masanja