Mtaa wa Mwisho wa Mama Rangi

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipoondoka ukatuachia brashi zako zimelowekwa ndani ya kopo, kama mtu anayerudi sasa hivi. Tumezisafisha. Hatukuzisafisha kama wewe, na mbili zimekauka zikawa hazifai hata kusugulia viatu, lakini tumejitahidi, na tunajua ungetucheka kwanza ndipo utusamehe.

Majirani walikuita Mama Rangi, na waliokuja kukutafuta hawakuhitaji kuelekezwa sana. Walifuata harufu ya rangi mpaka mlangoni, wamebeba paka ndani ya kikapu au wamekokotwa na mbwa asiyejua anapelekwa wapi. Uliwapokea wanyama kwanza, wenyewe baadaye. Hukupenda kumchora mnyama kwa kutazama picha ya simu peke yake. Ulitaka umwone mpaka achoke kujiweka vizuri, kwa sababu ulisema hapo ndipo sura yake yenyewe inapotoka. Ndiyo maana kasuku wa fundi saa alikaa nyumbani kwetu siku nyingi kuliko wageni wote tuliowahi kuwapokea, na aliporudi kwao alikuwa anakohoa kama Baba.

Bibi mmoja alikuomba umpunguzie mbwa wake tumbo kwenye mchoro. Ulimtazama mbwa, ukamtazama bibi, ukasema, "Mwenyewe hajalalamika." Mbwa akachorwa na tumbo lake lote. Bibi aliutundika mchoro sebuleni, na mpaka leo akitukuta njiani anatusimulia kisa hicho utadhani sisi hatukuwepo.

Hiyo ilikuwa kazi ya nyumbani, kazi ya miwani kushuka puani. Kazi yako ya pili ilikuwa ukumbini, kuchora lile pazia kubwa la nyuma ya jukwaa, moja tu kwa michezo yote. Ulitandika pazia sakafuni, ukavua viatu, ukatembea juu yake na brashi uliyoifunga kwenye mpini wa fagio. Mtu asiyejua angedhani unafagia. Kila baada ya muda ulipanda mpaka safu ya mwisho ya viti kutazama ulichofanya. Wa mbele hana shida, ulikuwa ukisema, anayefanyiwa kazi ni aliyekaa nyuma. Tabia hiyo iliingia mpaka jikoni. Baba alikuwa akionja mboga analalamika kwamba chumvi hii imetiwa kwa ajili ya watu wa safu ya mwisho, nawe unamwambia basi ahame kiti.

Na kila mchoro wa pazia ulikuwa na mnyama wa mteja wako mmoja, amejibanza juu ya paa au chini ya ngazi. Watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbini walikata tiketi wakamwone paka wao kwenye ukuta wa ikulu. Waigizaji walinung'unika kwamba watazamaji wanatafuta paka badala ya kuwasikiliza. Uliwashauri waongeze sauti.

Mchezo ulipomaliza siku zake, ulilishusha pazia ukalipaka rangi nyeupe lote, tayari kwa mchezo mwingine. Hukumwachia mtu kazi hiyo. Bahari, soko, ikulu, shamba la mahindi, vyote vilikwenda hivyo hivyo. Mmoja wetu alikuuliza kama huumii. "Kinachoniuma ni mgongo," ukasema. "Waigizaji wamemaliza kusema, na mimi nimemaliza. Pazia bado lina kazi."

Mchoro mmoja tu hukuufunika. Ni ule mtaa wa jioni, wenye maduka yanayowasha taa na kibanda cha kinyozi kilichowekwa kiti mlangoni. Baba ni kinyozi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kile ni kiti cha nani. Uliuchora umeshachoka, pale ulipozoea kusimama ukawa unakaa kwenye stuli, na mchezo wake ulikuwa bado unaendelea ulipotutoka. Watu wa ukumbini, kwa mapenzi yao kwako, wakatangaza kwamba pazia la Mama Rangi halitaguswa mpaka familia iseme. Familia maana yake ni Baba, na Baba hakusema.

Yeye ambaye maisha yake yote ya ndoa ulikuwa ukimpiga kiwiko asikorome katikati ya mchezo, mwaka huu hakukosa Jumamosi hata moja. Alikaa nyuma kabisa, macho makavu, hapepesi. Hakuwa akiutazama mchezo.

Mama, ungecheka mpaka ukae chini. Michezo yote ya mwaka huu imechezwa mbele ya kibanda cha kinyozi. Mfalme alisimama pale akanyoosha mkono na kusema tazameni msitu huu wa kutisha, sauti ikatoka vitini ikamuuliza kama amekuja kunyoa. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mfalme alimaliza onyesho, lakini hakutoka kuinamia watazamaji.

Baada ya hapo mwongozaji wa michezo, yule mwenye ndevu nyingi, akaanza kuja kibandani kwa Baba. Alitaka kuomba ruhusa ya kulichora pazia upya, ila kila alipokaa kitini ulimi ulimganda, akaomba apunguziwe ndevu kidogo, akalipa, akaondoka. Akarudi tena, akapunguzwa tena. Alipokuja na kidevu cheupe kama cha mtoto, Baba alimfunga taulo shingoni na kumwambia, "Sasa umebakiwa na nyusi tu. Sema ulichokuja kusema."

Akasema. Baba alikung'uta kitana, kisha akamjibu, "Likifutwa, mimi nitakwenda kumtazama wapi?"

Mwongozaji alilipa akaondoka, na Baba aliporudi nyumbani akatuuliza swali hilo hilo. Hilo ndilo lililotunyima usingizi mwaka huu, Mama, na tunakwambia wazi. Tungemwacha akatae, watu waliokupenda wangeanza kukuchoka, na jina lako lingekuwa mzigo mahali ulipopendwa kuliko pote. Tungemlazimisha, tungekuwa tumekuondoa kwake mara ya pili kwa mikono yetu wenyewe.

Aliyetuokoa ni seremala wa jukwaa, rafiki yako wa miaka yote. Kamba za pazia zilikuwa zimechakaa, ikabidi lishushwe lifungwe mpya, naye akamwita Baba aje kabla ya mtu mwingine kuligusa. Baba alivua viatu bila kuambiwa. Alitembea juu ya mtaa wako akikitafuta kiti chake na hakukiona, kwa maana ukiwa karibu hakuna mtaa pale, ni mabaka tu ya rangi. Seremala akamwonyesha kwa kidole cha mguu: mpako wa kahawia na mstari mmoja mweupe. Kumbe alichokuwa akikitazama kila Jumamosi ndicho hicho.

Pembeni, kamba iliposugua kwa muda mrefu, rangi ilikuwa imebanduka. Baba alipiga magoti akatazama. Chini ya jioni yako kulikuwa na nyeupe, chini ya nyeupe kijani, kisha nyeupe tena na rangi nyingine nyingi, na chini kabisa buluu. Akaiwekea kidole gumba.

"Hii ni ile bahari," akasema. "Aliichora ana mimba ya mtoto wetu wa kwanza."

"Ipo, mzee," seremala akamjibu. "Zote zipo humo. Mke wako hakuwahi kufuta hata moja, alikuwa anafunika tu. Ndiyo maana pazia hili linatuvunja mikono kulipandisha."

Baba alikaa pale pale sakafuni akalia, Mama. Hakulia siku ya mazishi, na sote tulikuwa tumemwogopea kwa sababu hiyo. Alipomaliza alijipangusa kwa mkono wa shati, akaomba fagio lako na ndoo ya rangi nyeupe, akatuma tuitwe.

Tulikuja sote, wengine na nguo za kazini. Tulidhani ataanzia pembeni, kwenye anga, na kukiacha kibanda cha kinyozi mpaka mwisho. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti. Kifungua mimba wako akamuuliza kama hataki kibaki kidogo.

"Nikikiacha mwisho sitamaliza," akasema, akaburuta brashi.

Alipaka vibaya, Mama, tunaomba usiwe na kinyongo. Mistari imekwenda upogo na suruali yake haifai tena. Hakukubali kupokewa, ijapokuwa mgongo ulimuuma, na tulijua unamuuma kwa jinsi alivyokuwa akiusingizia mpini. Mtaa ulipokwisha wote, alipanda taratibu mpaka safu ya mwisho, akageuka, akalitazama pazia jeupe kwa muda mrefu.

"Asante, mama watoto," akasema. Kisha akamwita seremala, "Sasa wape msitu wao."

Nasi tunasema asante. Asante kwa rangi chini ya kucha zako ulipotusuka nywele, na kwa kutufundisha kumtazama mbwa wa jirani kama mtu mwenye habari zake. Asante kwa kumpenda Baba kiasi cha kumwekea kiti mahali ambapo mji mzima ulikiona.

Unakumbukwa na mumeo kinyozi; wanao, yule mwalimu, yule muuguzi na yule dereva; wakwe zako; wajukuu zako, akiwamo yule aliyezaliwa ukiwa umekwishaondoka, ambaye anaitwa kwa jina lako, dada yako mshonaji, aliyelipinda pazia lako, wifi na mashemeji, watu wa ukumbini, na mwongozaji ambaye ndevu zake zimeanza kurudi, pamoja na wenye mbwa, paka na kasuku wote waliopita mlangoni kwetu.

Husahauliki, Mama. Leo na siku zote, tunakukumbuka.