Filamu Bubu za Baba na Posa ya Pendo

Ihanda, Mbozi,
Mkoa wa Songwe.
14 Juni 2025.

Mpendwa kaka Rabson,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi Anyitike na watoto? Joto la huko Mtwara mnaliwezaje? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila baridi ya mwaka huu inauma mpaka kwenye meno, na kahawa imeiva yote kwa pamoja. Asubuhi tunachuma, jioni tunamenya, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Najua baba mdogo Luka ameshakupigia simu akakwambia kwamba Baba amevunja posa ya mdogo wetu Pendo kwa sababu akili yake imechoka. Kaka, mimi nilikuwepo. Naomba usome na upande wangu kabla hujasema lolote.

Unajua Baba alivyokuwa tangu ile homa ilipoondoka na masikio yake. Tukianza kucheka sebuleni, yeye anainuka, anakwenda kuota moto jikoni peke yake. Kanisani aliacha kwenda. Vikao vya ukoo alimwachia baba mdogo. Mimi nikimwandikia kwenye ubao wa watoto, anajibu kwa neno moja, basi.

Mwezi wa pili, binamu yetu Lucky, yule fundi simu wa Tunduma, alituletea flashi yenye filamu. Moja ilikuwa ya zamani mno, haina rangi, na watu wanafungua midomo bila sauti. Kinanda tu ndicho kinacholia. Nikadhani televisheni imeharibika, nikaanza kuhangaika na rimoti. Baba alikuwa ameshafika mlangoni anatoka. Akageuka.

"Acha hiyo hiyo," akasema.

Ni habari ya mama anayefua nguo katika nyumba ya matajiri. Kijana wa nyumba ile ni mwanawe wa kumzaa, aliwapa akiwa mchanga, na kijana hajui. Kuna mahali anapiga pasi shati la kijana huyo. Anaiweka pasi kando, anaanza kuinyoosha kola kwa kiganja, polepole, kama anamshika mtoto shingoni. Basi. Hakuna neno. Kaka, mimi nina masikio mawili mazima na hayakunisaidia kitu! Maneno machache yaliyokuwa yakijitokeza kwa maandishi ya Kiingereza nilimwandikia Baba ubaoni kwa Kiswahili, lakini karibu na mwisho akanizuia mkono. "Usiandike. Naona." Nikamtazama, mashavu yameloa.

Kesho yake akanifuata shambani. "Ziko nyingine kama ile?"

Sikumbuki ni lini mara ya mwisho Baba alikuwa ameniuliza swali. Nikampigia Lucky papo hapo. Akasema filamu bubu anazo tele, akaleta za wale wachekeshaji wanaoteleza na kukimbizwa na polisi. Watoto wa jirani walicheka wakagaragara. Baba akatazama kidogo, akatikisa kichwa. "Hawa wanaanguka tu. Mimi nataka wenye shida."

Hapo ndipo Lucky alipoifanya kazi kweli. Akagundua kwamba ukitafuta filamu bubu hivi hivi mtandaoni unaletewa vichekesho. Lazima uongeze neno drama, utaje na nchi, utaje na miaka. Kumbe Waswidi walitengeneza, Wajerumani walitengeneza, Wajapani ndio usiseme, yapata miaka mia iliyopita! Kila alipopata moja aliitazama yeye kwanza, na siku moja aliniambia, "Dada Fortunata, hawa watu walikuwa wanajua. Nimejikuta nalia na mteja yuko dirishani."

Ningependa uione ile ya dada wa Kijapani anayemsomesha mdogo wake. Siku ya kumsindikiza stesheni anatabasamu, anatabasamu, mpaka treni inatokomea, ndipo uso wake unaporomoka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa. Na mpiga picha hana haraka, anamwacha tu. Filamu zetu za siku hizi mtu akihuzunika lazima aseme "nimehuzunika", halafu na muziki useme. Hawa walikuamini wewe mtazamaji. Baba alinirudishisha pale mara nyingi. "Angalia macho," akaniambia. "Hayajacheka hata kidogo."

Sasa posa. Wageni walikuja mwishoni mwa Mei kutoka Ileje, watu wa heshima zao. Baba mdogo ndiye aliyepanga yote. Baba mwanzoni alikataa kukaa kikaoni, kisha asubuhi ile nikamwona amevaa koti.

Mshenga alisema vizuri sana. Pendo akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu wageni na kama yuko tayari. Akasema, "Ndiyo, niko tayari." Kina mama wakapiga vigelegele. Baba akanyanyua mkono.

"Ngojeni. Huyu mtoto hataki."

"Kaka, amesema ndiyo!" Baba mdogo akanyakua ubao, akaandika NDIYO kwa herufi kubwa, akamwonyesha.

Baba hata hakuutazama. "Mdomo umesema. Pendo, nitazame mimi. Unataka?"

Kaka, Pendo alipiga magoti akalia mpaka akakosa pumzi. Nikamwingiza chumbani. Kumbe kule Vwawa anakofundisha aliambiwa na baba mdogo kwamba Baba anakwisha, na anachosubiri ni kumwona ameolewa. Mtoto akakubali ili mzee afe kwa amani. Mzee mwenyewe hana habari!

Niliporudi sebuleni, sote tuliogopa wageni watasusa. Aliyetuokoa ni kijana mwenyewe, Emanueli. Alisimama akasema, "Afadhali leo hapa kuliko siku ile mbele ya mchungaji. Asante, mzee," akamshika Baba mkono kwa mikono miwili. Wakala, wakaaga vizuri.

Baba mdogo ndiye hajatulia. Anataka wewe, kama mkubwa wetu, ukubali kwamba asiyesikia asiwe tena msemaji wa ukoo. Sikupangii jibu. Nakueleza tu niliyoyaona: chumba kizima kilisikia, na mmoja tu ndiye aliyeelewa.

Pendo amerudi kazini, anakula na kulala. Pentekoste Baba alikwenda kanisani, akakaa benchi la mbele ili amwone mchungaji vizuri.

Wifi Anyitike namsalimu sana. Watoto waambie shangazi yao anawawaza. Lucky na shangazi Ketrina wanawasalimu. Mungu awafunike huko mliko na awape riziki isiyo na majuto.

Nilimwandikia Baba ubaoni: nimwambie nini Rabson? Akafikiri, akasema, "Mwambie asiniulizie kwa simu. Aje nimwone uso."

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Fortunata