Nilimwogopa Ndovu

Rukanga, Kasigau,
Kupitia Voi.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Elsie,

Pokea salamu zetu sote. Natumai mgongo umepoa na hao watoto unaowalea huko Doha wanakuacha upumue. Mama hajambo, bado anazozana na kuku wake. Mvua ilikatika mapema, mahindi hayakubeba.

Barua hii nampa Rayhana, binti wa Khamisa mwenye duka, anayekuja huko Doha, kwa sababu kwa simu nimeshindwa. Mara tatu nimejaribu, nikaishia kukueleza habari za mvua. Elsie, kaa chini kwanza. Rachel wako ana mimba ya miezi saba.

Kosa ni langu. Januari ndovu walikuwa wakivuka njia ya shule kila asubuhi, na walishamjeruhi mzee mmoja wa Makwasinyi. Nikamwomba Festus, yule wa bodaboda tunayeimba naye kwaya, awe anampeleka mtoto na kumrudisha. Nilimwogopa ndovu, Festus sikumwogopa. Kila Jumapili nilimfungia mayai kwa shukrani.

Machi Rachel alipoanza kutapika nilimpa dawa ya amiba. Mimi, niliyezaa wanne! Mwalimu wake ndiye aliyegundua, alipoona hafungi tena mshipi wa sare.

Festus alitoroka siku ile ile niliyokwenda polisi. Watu wake wakaja na mbuzi wawili tumalize kinyumbani. Niliwafukuza wao na mbuzi wao. Mtoto wa miaka kumi na tano si jambo la mbuzi, na kesi siiondoi.

Si Rachel peke yake. Gredi ya tisa yao wamekuwa watatu mwaka huu. Mmoja ameshaozwa huko Mbololo, mwingine analea na hata kanisani haji. Mhudumu wa afya wa kijiji anasema zamani alikuwa akipata mmoja kwa mwaka, sasa anazunguka nyumba hadi viatu vinaisha. Wanaochekwa ni wasichana tu. Inaniuma sana.

Ukipiga simu nikakwambia Rachel yuko kwaya, alikuwa amekaa hapa kando yangu, anatikisa kichwa nisimpe. Unakumbuka alivyokuwa na kelele? Sasa naweza kukaa naye kutwa nisisikie neno. Anaogopa utasema ulikwenda Arabuni bure.

Mwalimu mkuu amemkubalia afanye mtihani, na akijifungua arudi. Rachel ananiambia kama mama yake amemkataa, haoni sababu ya kurudi. Nakuomba upige Jumapili baada ya ibada. Nigombeze mimi kwanza, ni haki yangu. Yeye mwambie tu bado ni mtoto wako.

Mama, Noah mume wangu na watoto wote wanakusalimu. Mungu akulinde kwenye nyumba za watu, akurudishe kwetu mzima.

Karibu nisahau. Noah alimtafutia mtu mwingine wa pikipiki, mzee anayeaminika. Rachel alikataa, anatembea na tumbo lake. Nikamwambia ndovu bado wako njiani. Akaniambia, "Mama mkubwa, ndovu unamsikia akija."

Ni mimi dada yako, akupendaye na anayekuomba msamaha,
Wakio