Wimbo wa Sanduku na Mfalme Mwenye Ndevu

Bwana Mshauri,

Nakuletea jambo hili nikiwa na hasira, na mwanangu Jamali anayeniandikia nimemwambia asipunguze neno, maana mie kwenye chuo cha Kurani niliishia Juzuu Amma na hizi herufi za Kizungu sizijui. Naongoza kikundi cha ngoma ya lelemama hapa Temeke mwaka wa kumi na moja huu, sare zote za kikundi ziko kwangu ndani ya sanduku, na ufunguo naufunga kiunoni hata nikilala, kwa sababu wanawake nawajua. Sasa mjukuu wangu Mwamvita, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, ametunga wimbo wa kuimbwa harusini Jumamosi ijayo, na maneno yake ni haya:

Kalikalia sanduku, ufunguo kiunoni,
Nguo zaliwa na nondo, wenziwe wa baridini.

Wenzangu wakaangaliana, mmoja akakohoa. Mie si mtoto mdogo, wimbo hautungwi hivihivi, kila wimbo una mwenyewe anayeimbiwa, na mie nimeshawatungia watu mpaka wakahama mtaa. Nikamwuliza, "Umemwimba nani?" Akasema, "Bibi, sikumwimba mtu, nimeutoa kitabuni." Nikamwambia, "Hicho kitabu kimeujuaje ufunguo wangu?"

Kumbe kitabu kaazimwa na Gozbert, mwalimu kutoka Bukoba aliyepanga nyumba ya pili, naye simwamini, mtu anayesalimia kwa upole kiasi kile ana lake. Nikamfuata. Akanifunulia picha, mfalme mwenye ndevu kakalia sanduku la nguo na watu wake wanatetemeka. "Ni huyu, bibi," akasema. Nikamwambia ndevu si kitu, mie nimeutazama ule uso, ni wangu. Hawa wamekula njama, mmoja kaleta kitabu, mwingine katia sauti. Nataka kuuzuia wimbo na kumtoa Mwamvita kikundini, na akininunia atoke na nyumbani. Nakosea wapi? Jina langu liandike, sijaiba kuku wa mtu.

Bi Somoe, Temeke

JIBU

Bi Somoe, shikamoo. Majina yote nimeyabadili, na siku moja utanishukuru.

Kulea mtoto, kisha usikie watu wakikohoa kwa maneno yake, kunauma, na pole. Lakini njama siioni. Wimbo hutoka kitabuni, hutoka kwenye picha, hutoka hata kwenye nakshi ya mlango wa jirani. Wewe umezoea kutunga kwa kugombana na watu, ndiyo maana unadhani hakuna njia nyingine.

Hata hivyo sitakudanganya. Kitabu kile bila shaka kina picha nyingi, na mjukuu wako akachagua ile. Huenda yeye mwenyewe hajui kwa nini. Mfalme kamtoa kitabuni, lakini namna mtu anavyolikalia sanduku kaiona nyumbani kwako. Na wewe, bibi yangu, ilikuwaje ukauona uso wako penye ndevu? Jibu la swali hilo usiniletee mimi, kaa nalo.

Sasa fanya hivi. Leo fungua sanduku, sare zianikwe juani, na ufunguo umkabidhi mwenzako mmoja mbele ya wengine. Kitabu arudishiwe mwalimu kwa shukrani, na Mwamvita aombe kingine. Jumamosi wimbo uimbwe. Siku hiyo wanawake hawatamtazama mwimbaji, watakutazama wewe, basi ubeti wa kwanza ukiisha uinuke kabla ya mtu mwingine yeyote, umtunze mjukuu wako kwa kumtandaza kanga mpya mabegani, urudi ukae. Hakuna atakayesema umeimbiwa wimbo uliouinukia mwenyewe.

Kumfukuza, usithubutu. Mtunzi wa namna hiyo atapokewa na kikundi kingine siku ileile, na wimbo wataucheza kama ulivyo, ila safari hiyo watautia na jina lako.