Mama Mkwe wa Marumaru

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kasema wazi: Jumapili chumba cha nyuma, karakana yangu, kinapangishwa kwa fundi cherehani. Asidi yangu ya kuchorea shaba inamkohoza. Akaongeza: labda nimchore yeye kwanza, aone kama kazi hii ina maana. Anataka afanane na sanamu za marumaru alizoziona kwenye kalenda ya daktari wa meno. Awe jiwe, lakini jiwe lenye heshima zake. Nikamwambia, Mama, nusu ya kazi umeshaifanya. Akashukuru.

Jumanne, 4 Machi
Kakaa dirishani, shuka begani, kidevu juu. Sijawahi kumkodolea mkwe macho namna hii. Mke wangu anapita mlangoni, kiganja mdomoni.
Nachora kwa sindano juu ya nta iliyofunika bamba la shaba. Nilichojifunza kwa kuharibu mabamba: jiwe huchori. Unachora kivuli tu, mistari ikizunguka shavu kama uzi kwenye pia, na penye mwanga unaacha karatasi nyeupe. Weupe huo ndio marumaru. Uvivu wenye akili.

Alhamisi, 6 Machi
Asidi imekula shaba pale tu sindano ilipopita. Nikapaka wino, nikachapa. Shingo imesimama kama nguzo! Pua — Mungu anisamehe — nimeinyoosha kidogo. Macho nimeyaacha bila mboni, kama sanamu zenyewe.
Mke wangu: umemtia mama upofu. Nikamweleza habari za sanaa ya kale. Akasema sanaa ya kale itanilaza nje.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaja na miwani. Shingo kaipenda, akaigusa yake. Pua hakuihoji, zawadi haihojiwi. Kisha macho.
"Baba, nimekukosea nini?"
Nikasema sanamu haimtazami mtu, ndiyo enzi yake.
"Nitundikwe sebuleni, wageni wale na kujaza mifuko, nisiwaone?"
Nikamsihi. Ukitia mboni, jiwe linakufa, anabaki mama wa mtu. Na shaba ikishakwaruzwa, imekwaruzwa.
"Kwani mimi mama wa nani? Lete sindano."
Sasa yuko mezani kwangu, kalilalia bamba. Mimi naandika nimesimama kona, nimekatazwa kupumua. Jicho moja tayari. Si baya — linanidai maelezo. Fundi cherehani kafika na futi yake kupima chumba. Mama mkwe hata hakugeuka. Kasema asubiri nje, watu wako kazini. Halafu, kwa sauti ya chini, kaniuliza mabamba mengine matupu nayaweka wapi.