Kibao cha Clyde

Jumanne, 11 Agosti
Mume wangu kachomeka kibao mbele ya nyumba: PESA IMFUATE MTOTO. Mbele ya nyumba yangu mimi, mwalimu wa hesabu wa shule ya umma! Ati serikali ikitoa vocha za ada ya shule binafsi, wazazi watakuwa na uchaguzi wa shule. Uchaguzi gani? Shule binafsi ya karibu ni saa nzima kwa gari, pamba kulia, pamba kushoto. "Kodi ni zetu, mpenzi," ananijibu Clyde. Mji mzima unaimba hivyohivyo. Nimechoka mie.

Jumatatu, 17 Agosti
Mchungaji Hollis kafungua shule kwenye ukumbi wa kanisa. Vocha zinapokelewa. Nusu ya darasa langu imehama! Mkuu wa shule anasema tukipungua zaidi shule itafungwa, watoto wapelekwe mji jirani. Clyde eti: "Ushindani utawanoa, mwalimu." Nimemnyima pai ya pichi.

Ijumaa, 28 Agosti
Mechi ya kwanza ya futiboli yetu ya Kimarekani — na mrusha mpira wetu yuko kwa Mchungaji. Na wenzake kadhaa. Hatukufika kumi na mmoja! Kocha anasema labda tushuke, tucheze sita sita kama shule za vijijini. Clyde, anayechoma nyama pale uwanjani kila Ijumaa, katupa koleo chini. "Wametuibia timu!" Nani kawaibia? namuuliza. Mkuki kwa nguruwe! Nikajua kibao kitang'oka.

Jumamosi, 29 Agosti
Kibao kipo. Upepo ulikilaza, kakiinua. Vocha ni nzuri, anasema, ila si kwa wachezaji. Mungu nipe subira.

Alhamisi, 3 Septemba
Tukiwa mezani, binti yetu Josie kaweka uma chini. Anataka kuhamia shule ya kanisani. Rafiki zake wote wako huko. "Mama, sikukimbii wewe." Imeniuma, sisemi uongo. Clyde macho kwenye sahani: "Muulize mama yako." Shujaa wa uchaguzi huyo!

Simu ikalia. Watu wa utafiti wa maoni, wanauliza kuhusu vocha. Clyde akajibu mbiombio: anaunga mkono vocha, tena sana. Kisha akanipa simu — wanamtaka na mtu mzima mwingine. Msichana mwenye sauti tamu: naunga mkono, napinga, au sijui? Josie ananitazama.

Nimemwomba yule msichana asubiri. Niko stoo, naandika juu ya gunia la viazi. Namsikia kwa mbali kwenye spika ya simu pale mezani: "Bado upo, mama?" Kupitia mlango naona Josie hajaushika uma.