Mkaza Mwanangu na Siri ya Jikoni

Alhamisi, mjini Ibra. Mchana jua limechoma kama bado tuko mwezi wa sita, ila tangu alasiri kuna kiupepo. Leo nimemaliza saumu zangu tatu za ayyamul bidh, zile siku za mwezi mpevu ninazofunga kila mwezi. Mwenye saumu hatakiwi kumdhania mtu vibaya.

Mimi nimedhani wiki nzima.

Mke wa mwanangu Suleiman ni Mvietnamu. Jina lake Lan. Walikutana Malaysia wakisoma, akasilimu, wakaoana, wakakaa huko huko. Mwaka huu Suleiman kapata kazi mji wa Sur. Mpaka apate nyumba, Lan na binti yao Asma, mwenye miaka sita, wanakaa na mimi hapa. Suleiman huja Alhamisi jioni, Jumamosi hurudi.

Lan ana adabu, siwezi kumsingizia. Kila asubuhi "Shikamoo, Mama." Kiswahili anajifunza kwangu. Anasali. Lakini ni kimya, na mtu kimya mimi hunitia wasiwasi.

Wiki iliyopita alipata mzigo kutoka kwao. Aliupokea mlangoni akapita nao moja kwa moja hadi chumbani. Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, mlango wa jiko ukaanza kufungwa kwa ndani. Nasikia vyombo, nasikia harufu ya kitu kinaokwa. Nikimuuliza Asma, anaziba mdomo kwa viganja viwili. "Siri, Bibi!"

Siri, ndani ya nyumba yangu?

Jumanne, Lan alipokwenda kumchukua mtoto skuli, niliingia chumbani mwao. Naandika hili kwa aibu. Chini ya kitanda nilikuta vijiti vya mtende vimefungwa umbo la nyota, karatasi nyekundu za kung'ara, na kibao kizito chenye shimo la duara, ndani yake kumechongwa maua na maandishi nisiyoyajua. Nikampigia wifi yangu Zuweina, aliyeko Samad Ash Shan.

"Hao wanaabudu mwezi," akaniambia. "Na siku mamake akimwita, anaondoka na mtoto. Utabaki kutazama kuta."

Hilo la pili ndilo lililonichoma. Maana kila siku namsikia Lan akizungumza na mamake kwenye simu, maneno siyaelewi, ila jina la Asma halikosekani. Mara moja nilimsikia analia.

Basi nikafungua droo yao, nikachukua pasipoti ya Asma, nikaificha sandukuni kwangu.

Leo Suleiman alifika kabla ya adhana. Tulifuturu kwa tende na kahawa, tukasali magharibi. Nilipotoka uani, mwezi ulikwishapanda juu ya ukuta, mzima. Lan alikuwa ametandika mkeka, akaweka sinia: balungi lililomenywa, chai ya rangi, na vikate vya duara, juu yake maua yale yale ya kile kibao; kumbe ni kalibu yake. Asma akaja mbio na nyota nyekundu, ndani yake taa.

"Ndani ya vikate mna nini?" niliuliza, hata bismillahi sijasema. Suleiman akanitazama kwa jicho kali.

"Tende, Mama. Samli. Ufuta. Katikati kiini cha yai cha chumvi," alisema Lan. "Kwetu wengine wanatia mafuta ya nguruwe. Mimi hapana. Nilifunga mlango kwa sababu Asma anataka wewe ushangae."

Akaanza kunieleza, na maneno yalipomshinda Suleiman alimsaidia. Kwao mwezi huu mpevu ni sikukuu ya watoto. Zamani wazazi walishinda kwenye mavuno ya mpunga, na mavuno yakipungua waliwapa watoto wao siku hii moja. Watoto huzunguka mtaani na taa, ngoma hulia, vijana huvaa kichwa cha simba cha karatasi wakacheza mlango hadi mlango. Na wazee huweka sinia kwanza kwa ajili ya waliokufa.

Maneno ya Zuweina hayo! nikasema moyoni, nikamuuliza Lan: "Na wewe?"

"Mimi nawaombea dua, Mama. Sinia hili la watoto tu."

Kisha akampigia mamake kwa video. Asma akazunguka uani na taa yake ili bibi yake wa huko amwone. Nyuma ya yule mwanamke niliona meza, na sinia kama letu, limejaa. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani.

Kikate nilikila. Kizito. Yai lile sikulipenda.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Lan akaniuliza bila kugeuka, "Mama, pasipoti ya Asma unayo wewe?"

Ningeweza kukana.

"Ninayo."

"Natafuta tangu jana. Suleiman sijamwambia."

"Ulitaka kuondoka naye?"

"Nataka twende mwakani, sikukuu hii, tukae na mama yangu. Halafu turudi." Akafunga bomba. "Mimi nimeacha mama, Mama. Najua inavyouma. Siwezi kukufanyia wewe."

Nilikwenda sandukuni, nikampa. Nilikumbuka mama yangu alipoletwa nyumba hii kutoka Unguja: mamake baba alikuwa akifunua masufuria yake na kunusa. Mama alinihadithia akicheka, lakini hakusahau mpaka kufa.

Je, nimeamini? Robo tatu. Robo iliyobaki bado inaniuliza: na wasiporudi?

Kesho nitamwambia Suleiman aulizie tiketi za mwakani. Nne, si tatu. Simuachii mtu mjukuu wangu hivi hivi. Na yule mwanamke wa sinia, nataka nikakae naye mkekani, nimtazame usoni.